Tozo ya TEPAI huko Ugiriki: chama cha wenye boti kijibu vipi?

MtunzaHazina

Habari zenu wakuu. Naomba mawazo ya wanaoijua kazi hii.

Chama chetu ni cha wenye boti binafsi, kimesajiliwa Ujerumani, lakini boti nyingi za wanachama ziko Ugiriki upande wa bahari ya Ionia: Lefkada, Preveza na chache Corfu. Karibu zote ni za matanga, mita 9 hadi 14. Tangu Mei 2019 Ugiriki inatoza TEPAI kwa kila chombo cha starehe kinachozidi mita 7 kikiwa ndani ya maji yake, kiwe na bendera yoyote.

Mkutano mkuu umegawanyika mafungu matatu. Wapo wanaotaka chama kitoe tamko kwamba wanachama wasilipe. Wapo wanaotaka tupeleke malalamiko Brussels kwa hoja ya ubaguzi dhidi ya wageni. Na wapo wanaosema tuhamishe boti zote, twende Albania au Uturuki. Kamati imenikabidhi kuandika waraka wa msimamo. Sitaki kuandika kelele. Chama cha ukubwa wetu kinaweza kufanya nini hasa, na kianzie wapi?

---

NahodhaWaIonia

Anzeni na ukurasa mmoja wa jinsi ya kulipa, kisha ndipo muandike msimamo. Chama kinachopinga tozo huku wanachama wake wanazuiwa kuondoka bandarini hakisikilizwi na yeyote. Tamko la kutolipa lifutwe kabisa. Askari wa bandari hana mamlaka ya kujadili sheria. Anaangalia stakabadhi, na asipoiona anazuia chombo na kutoza faini. Anayeumia ni mwanachama wenu na familia yake iliyomo botini, si wizara.

Viwango vilivyoanza 2019 ni hivi, kwa mwezi: mita 7 hadi 8 ni euro 16, zaidi ya 8 hadi 10 ni euro 25, zaidi ya 10 hadi 12 ni euro 33. Ukivuka mita 12, kila mita inalipiwa euro 8, na mita zinahesabiwa tangu ya kwanza, si zile zilizozidi 12 peke yake. Hapo ndipo watu wengi hukosea bajeti. Boti ya mita 13.5 inalipa 108 kwa mwezi. Mkichapisha ukurasa wenu, hakikini kila kiwango kwenye tovuti ya AADE, mamlaka ya mapato ya Ugiriki, na mwandike tarehe mliyohakiki. Karatasi isiyo na tarehe itazunguka kwenye magati miaka mitano na kupotosha watu.

Mwezi unaohesabiwa ni wa kalenda, si siku thelathini. Ukishusha boti majini tarehe 29 Aprili, umelipa Aprili nzima kwa siku mbili. Kwa ile ya mita 13.5 hizo ni euro 108 zilizotupwa. Hapa chama kina nguvu ya kweli: zungumzeni na karakana kabla ya Februari, muombe nafasi za kreni za wanachama ziwe siku za kwanza za Mei, kwa kundi. Mtu mmoja mmoja akiomba anapewa siku iliyobaki. Mkiomba boti kumi na tano kwa pamoja, karakana inapanga ratiba. Kupandisha vilevile: chombo kikae nchi kavu kabla ya mwezi kuisha, na hati zake zikabidhiwe kwa mamlaka ya bandari. Kukiacha tu juu ya magogo bila kukabidhi hati ni kujitafutia ubishi, maana hakuna maandishi yanayosema kimesimama.

Kuna punguzo la asilimia 10 kwa anayelipa mwaka mzima mapema. Wengi wanalikimbilia bila kupiga hesabu. Miezi 12 ukiondoa asilimia 10 ni sawa na kulipia miezi 10.8. Maana yake boti inayokaa majini miezi 10 au pungufu ilipiwe mwezi kwa mwezi. Inayolala majini miezi 11 au 12 ndiyo ichukue punguzo. Boti ya msimu wa Mei hadi Septemba, mita 11, inalipa euro 165 tu. Ikilipiwa mwaka inakuwa 356.40. Mwanachama anayeitwa "mwerevu" kwa kupata punguzo hapo amepoteza euro 191.

Na malipo yenyewe. Unaingia kwenye mfumo wa eTEPAI, unajaza jina la chombo, nambari ya usajili, bendera, urefu na mmiliki, unachagua miezi, mfumo unatoa nambari ya malipo. Ni kama kumbukumbu namba ya malipo ya serikali kule Tanzania: pesa inatambuliwa kwa nambari ile, si kwa jina lako. Iandikwe ilivyo kwenye sehemu ya maelezo ya muamala, bila neno lingine. Ukiongeza jina la boti na "ahsante", mfumo unaweza kushindwa kuitambua. Anayelipa kutoka benki ya nje ya SEPA, mtandao wa malipo ya euro wa Ulaya, kwa mfano Nairobi au Dar, achague gharama zote zibebwe na mtumaji. La sivyo benki ya katikati inakata chake, kiasi kinafika pungufu, na malipo pungufu hayalingani na nambari. Lipa siku kadhaa kabla ya kuingia maji ya Ugiriki. Chapisha karatasi mbili, ile ya mfumo yenye nambari na ile ya benki, zikae kwenye faili la hati za chombo. Picha ya simu haitoshi pale betri inapoisha au mtandao unapokataa.

---

BiSheria

Mimi nijibu fungu la pili, la ubaguzi, kwa sababu ndilo litakalowala muda na fedha bila matunda.

Watu husikia kwamba Mahakama ya Ulaya iliwahi kuangusha kodi ya yoti na kudhani kila kodi ya yoti itaanguka. Kesi ile ni C-169/08, hukumu ya 17 Novemba 2009, kuhusu Sardinia, kisiwa cha Italia. Mwaka 2006 serikali ya kisiwa hicho iliweka kodi ya kutia nanga kwa vyombo vya starehe vya mita 14 na zaidi, kati ya Juni na Septemba. Kilichoiangusha si ukubwa wa kiwango, wala si kwamba iliwalenga wenye boti. Iliangushwa kwa sababu iliwatoza wale tu ambao makazi yao ya kikodi yako nje ya Sardinia. Mwenyeji na mgeni wanatia nanga ghuba moja, wanachafua maji yale yale, wanatumia huduma zile zile, mmoja analipa na mwenzake halipi. Mahakama ikasema hiyo inakiuka uhuru wa kutoa huduma, na nafuu waliyopata wafanyabiashara wa kisiwani ni msaada wa serikali.

Sasa pimeni TEPAI kwa kipimo hicho. Bendera yoyote, mkazi yeyote, mita zile zile, euro zile zile. Mgiriki mwenye boti ya mita 11 pale Preveza analipa sawa na mwanachama wenu wa Hamburg. Hoja ya ubaguzi haina miguu. Mkiipeleka mtajibiwa kwa heshima, na mtakuwa mmetumia mwaka.

Pamoja na hayo, milango ya Umoja wa Ulaya ina kazi yake, ila kila mmoja una kazi tofauti.

SOLVIT, huduma ya Umoja ya kusuluhisha matatizo na mamlaka, ni kwa mtu ambaye mamlaka ya nchi nyingine imemkosea kwa kutekeleza sheria vibaya: ametozwa mara mbili, malipo halali yamekataliwa, ameombwa hati ambayo haihitajiki. Ni bure, inaanzia kituo cha nchi yako, yaani kwenu ni Ujerumani, na lengo lao ni wiki 10. Haifai kupinga sheria yenyewe.

Malalamiko kwa Kamisheni ya Ulaya ndiyo ya kupinga sheria yenyewe. Yanajazwa kwenye fomu, ni bure, uthibitisho wa kupokelewa hutolewa ndani ya siku 15 za kazi na lengo ni uamuzi ndani ya miezi 12. Hayasimamishi wajibu wa kulipa hata siku moja. Itumieni siku sheria itakapobadilishwa na kuwapa wakazi unafuu ambao mgeni hawezi kuupata. Hapo Sardinia inarudi kuwa silaha.

Jambo moja la kuwaambia wanachama leo: kila stakabadhi itunzwe. Kanuni ya mahakama hiyo tangu kesi ya San Giorgio, 199/82, ni kwamba tozo iliyochukuliwa kinyume na sheria ya Umoja inarudishwa. Lakini inarudishwa kwa anayeweza kuonyesha kwamba alilipa. Chama kifungue folda moja, mwanachama atume nakala kila mwaka. Kazi ya dakika tano.

---

MtunzaHazina

Nashukuru sana, nyote wawili. Hesabu ya 10.8 naipeleka kamatini kama ilivyo.

Swali la nyongeza. Kelele kubwa zaidi inatoka kwa wenye boti zinazogusa mita 12. Wawili wana Beneteau Oceanis 40.1, mmoja Jeanneau Sun Odyssey 410. Waliuziwa kama boti za "chini ya mita 12", sasa wanadaiwa za zaidi ya 12. Wanadai wameonewa. Je, wana hoja?

---

FundiMkuku

Wana hoja, na kwa maoni yangu ndiyo hoja bora kuliko zote mlizonazo. Lakini iandikwe kwa vipimo.

Oceanis 40.1: urefu wote tangu omo hadi tezi ni mita 12.87. Bodi yenyewe, bila dasturi (kile kipande kinachochomoza mbele ya omo), ni 11.99. Sun Odyssey 410: urefu wote 12.35, bodi 11.99 vilevile. Hizo 11.99 hazikutokea kwa bahati. Mchoraji anajua bei ya gati inaruka kwenye 12, kwa hiyo anafunga bodi sentimita moja kabla, halafu anafunga dasturi mbele kwa ajili ya nanga na tanga la mbele.

Kiwango cha kimataifa ISO 8666 kinatenganisha vipimo hivi. Urefu wa bodi hauhesabu vitu vinavyoweza kufunguliwa bila kuharibu chombo: dasturi ya bolti, reli za omo, mikono ya kubebea dingi (kiboti kidogo) nyuma, injini ya kuning'inia. Urefu wa juu kabisa unahesabu dasturi na reli, lakini si injini ya kuning'inia wala kitu kinachofunguliwa bila zana. Swali ni moja: hati ya usajili ya mwanachama imeandika upi? Nchi hazifanani. Kuna msajili anayeandika wa bodi, kuna anayeandika wa jumla, kuna anayenakili kijitabu cha kiwandani bila kuuliza.

Tazama inavyouma. Kwa 11.99, euro 33 kwa mwezi. Kwa 12.87, mara 8, ni 102.96. Tofauti 69.96 kila mwezi, kwa sababu ya kipande cha sentimita 88 kisichobeba mtu wala kuongeza kitanda. Kwa mwaka ni 396 dhidi ya 1,235.52. Ngazi hii ni kasoro ya sheria yenyewe: kutoka 10 hadi 12 mtu analipa kiasi kile kile, halafu akivuka kwa sentimita mbili tozo inaruka karibu mara tatu.

Kwa hiyo ombi la chama liwe dogo na lenye kipimo: ama urefu wa bodi kwa ISO 8666 ukubaliwe, ama ngazi iondolewe, kwamba juu ya 12 mtu alipe 33 na kuongeza kiasi fulani kwa kila mita iliyozidi. Afisa wa wizara anaweza kulijibu ombi la namna hii. "Tozo ni kubwa mno" halina cha kujibiwa.

Onyo. Mwanachama asijaze 11.99 kwenye mfumo wakati hati yake inasema 12.87. Askari anashika karatasi mbili, anaona tarakimu mbili, na hapo hoja nzuri ya chama inageuka udanganyifu wa mtu mmoja. Kama hati ilikosewa, irekebishwe kwa msajili kwanza: fomu ya kipimo kutoka kwa mkaguzi, picha za bolti za dasturi, tamko la kiwanda. Hati mpya ikitoka ndipo mfumo ujazwe upya.

---

GatiLaKusini

Nimalizie fungu la tatu, la kuhama, kwa sababu lina mfano mzuri kutoka Italia, na watu wanaukumbuka nusu.

Desemba 2011 serikali ya waziri mkuu Mario Monti iliweka kodi ya kukaa bandarini kwa kila siku, kwa boti za zaidi ya mita 10, za Waitalia na za wageni. Ilitakiwa kuanza 1 Mei 2012. Wenye boti hawakusubiri Mei. Walianza kuhamia Slovenia, Kroatia, Corsica na Malta. Bunge lilipothibitisha amri nyingine Machi 2012, kodi ikageuzwa kutoka ya kukaa bandarini kuwa ya umiliki, ikabaki kwa wakazi wa Italia, wageni wakatoka. Mwaka 2013 boti hadi mita 14 zikasamehewa. Mwaka 2016 ikafutwa yote.

Watu husema "walihama, serikali ikashika adabu". Mambo mawili yanasahaulika. Kwanza, waliosikika Roma hawakuwa wenye boti. Walikuwa wenye marina, karakana, wauza mafuta na viwanda, waliosimama na mikataba iliyovunjwa mkononi. Marekani ilikuwa vivyo hivyo: kodi ya asilimia 10 ya mwaka 1991 juu ya sehemu ya bei inayozidi dola 100,000 ilifutwa 1993 kwa hoja ya ajira za mafundi, si ya raha ya wanunuzi. Pili, Italia ilitaka kutoza kwa siku, kiasi kwamba kuhama kulilipa. TEPAI ya boti ya mita 11 kwa msimu ni 165. Ukienda Saranda, Albania, utalipa wakala, utapita taratibu za kutoka na kuingia mipaka ya nchi na ya forodha, utanunua dizeli. Hesabu haitoki.

Kuna na mtego wa VAT. Boti iliyolipiwa VAT ndani ya Umoja ikikaa nje zaidi ya miaka 3, inapoteza haki ya kurudi kama bidhaa iliyorejeshwa bila kodi. Mtu anakimbia euro mia chache kwa mwaka, siku ya kurudi anadaiwa VAT ya chombo kizima. Na msidhani bendera ya nje itaokoa: ruhusa ya muda ya forodha ya miezi 18 ni ya mtu anayeishi nje ya Umoja. Mkazi wa Ujerumani akikamatwa anaendesha boti yake chini ya ruhusa hiyo ana kesi ya forodha, na hiyo ni kubwa kuliko TEPAI yoyote.

Kwa hiyo wazo la kuhama litumieni kama takwimu. Tengenezeni fomu ya maswali saba kwa kila boti: iko bandari gani, urefu kwa hati, miezi ya majini, umelipa kiasi gani mwaka jana kwa gati, kwa karakana na mafundi, kwa mafuta na maduka. Swali la mwisho, je, una mkataba ulioukatisha kwa sababu ya tozo? Jibu la hapo lisindikizwe na barua ya kukatisha, si nia. Majumuisho yapelekwe kwa marina na karakana zenyewe, muombe sahihi zao juu ya barua yenu. Meya wa Lefkada hapigiwi kura Hamburg, lakini anapigiwa na mwenye kreni.

Halafu muda. Rasimu za sheria za Ugiriki huwekwa kwenye opengov.gr kwa maoni ya umma, kwa kawaida wiki mbili, kifungu kwa kifungu. Wiki mbili hazitoshi kuitisha mkutano, kutafsiri na kubishana. Maoni yawe tayari kwa Kigiriki, aya moja kwa kila ombi, na mtu mmoja awe na idhini ya kamati ya kuyaweka bila kurudi kwenye kikao. Sheria ya kwanza ya TEPAI ilipita 2013, ukusanyaji ukaanza 2019. Ilikuwa miaka sita ya nafasi ya kusema kuhusu mwezi wa kalenda na ngazi ya mita 12, na nafasi hairudi mara mbili. Kwa Brussels, pitieni shirikisho lenu la taifa hadi European Boating Association badala ya kwenda na barua yenu peke yenu.

---

MwinyiKuli

Nyongeza fupi. Wenye boti wa Kigiriki nao wanalipa, na ngazi ya mita 12 inawauma vilevile. Tafuteni chama chao cha karibu kabla ya kuandika chochote. Barua yenye sahihi mbili, ya wenyeji kwanza na ya wageni chini yake, inafunguliwa kwa jicho jingine.

---

MtunzaHazina

Nimeandika aya ya kwanza. Nikosoeni:

"Chama chetu kinawashauri wanachama wote kulipa TEPAI kwa wakati na kimewapa mwongozo wa kufanya hivyo. Tunaomba marekebisho mamoja ya kipimo. Chombo chenye bodi ya mita 11.99 na dasturi ya kufungua kinalipa takriban euro 103 kwa mwezi, na kile kisicho na dasturi kinalipa 33, ingawa vyote viwili vinachukua huduma ile ile. Tunaomba urefu wa bodi kwa kiwango cha ISO 8666 ukubaliwe. Tunatambua kwamba yoti ni chombo cha anasa na hatuombi kusamehewa."

---

FundiMkuku

Ni nzuri. Andika 102.96, na utaje modeli na urefu wa mita 12.87, afisa aweze kurudia hesabu mwenyewe. "Marekebisho" na "mamoja" hayakai pamoja. Sema "rekebisho moja". Na "huduma ile ile" ina hatari: gatini dasturi inachukua nafasi, na marina zitakukumbusha. Andika "uzito na idadi ya vitanda ile ile". Sentensi ya mwisho ikatwe kuanzia "yoti ni chombo cha anasa". Ibaki "Hatuombi kusamehewa."

---

BiSheria

Nakubaliana naye. Mwanzoni kabisa weka idadi ya boti zenu na bandari zilipo. Na usitume kabla fomu za GatiLaKusini hazijarudi. Barua ikitangulia bila tarakimu, ya pili haisomwi.